Maji Yakijaa Hupwa: Kutoka Kabiria hadi Potomac

Darasani Kabiria, methali "maji yakijaa hupwa" ni ya kukariri. Mtoto huandika maana yake daftarini, mwalimu huweka alama ya vema, na jambo huishia hapo. Mtaa wenyewe uko upande wa Dagoretti, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na vijito vyake vinajua njia moja tu, ya kushuka. Masika hufurika, kiangazi hunywea. Hakuna aliyewahi kuona kijito cha Dagoretti kikisita, kikasimama, kisha kikarudi kilikotoka.

Kijana mmoja wa mtaa huo aliliona jambo hilo Maryland, alikohamia kikazi. Alikuwa ameketi kando ya Mattawoman, kijito kinachoingia mto Potomac kusini mwa jiji la Washington. Asubuhi majani makavu yalielea kuelekea mtoni. Alipofungua chakula cha mchana, majani yalikuwa yanarudi. Akaonja maji. Hayakuwa na chumvi hata kidogo.

Bahari yenyewe haifiki pale. Inapojaa huusukuma mto kwa nyuma, nao mto, ukikosa pa kumwagikia, huinuka na kurudi juu hadi Washington, zaidi ya kilomita 150 kutoka ghuba ya Chesapeake. Kwa hiyo samaki wa maji baridi kama besi, yule mwenye mdomo mpana na mstari mweusi ubavuni, huishi kwa saa ya bahari ambayo hajawahi kuiona.

Wavuvi wa Potomac wameijenga kazi yao yote juu ya saa hiyo. Maji yakiwa yamejaa, besi huingia ndani ya magugu na matete, mahali penye kina kifupi, na mvuvi hulazimika kuburuta chura wa mpira juu ya majani. Maji yakianza kupwa, mambo hugeuka. Dagaa na kaa waliokuwa wamejificha magugumaji yalipofunikwa husombwa kupitia vijia vyembamba hadi mdomo wa kijito, na besi huwatangulia. Hujibanza nyuma ya nguzo ya gati au gogo lililozama, kichwa kikielekea maji yanakotoka, akisubiri chakula kiletwe. Mvuvi stadi hatupi chambo mbele ya samaki. Hukitupa juu zaidi, kisha huuacha mkondo ukilete chenyewe, kama ungemleta dagaa. Saa mbili za mwisho za kupwa ndizo zinazosubiriwa zaidi. Maji yakisimama kabisa, samaki naye hufunga mdomo.

Kuna ujanja mwingine mzuri kuliko wote. Maji hayapwi kwa wakati mmoja mto mzima, kwa kuwa sehemu za juu huchelewa kwa saa kadhaa kuliko zile za karibu na ghuba. Mwenye mashua huanza chini, na kila maji yanapotulia hupanda mto, akizifukuza zile saa mbili bora mara kadhaa kwa siku moja. Jedwali la maji liko kwenye simu, ingawa upepo mkali wa kaskazini-magharibi huweza kuyafukuza maji yakapwa kuliko jedwali lilivyosema. Sheria ya Maryland inaruhusu besi watano kwa siku, lakini wengi huwapima, huwapiga picha na kuwarudisha majini. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo samaki hununuliwa kibandani akiwa amekaangwa na kugawanywa kwa watoto wanne, kitendo hicho huchukua muda kuzoeleka.

Besi huyohuyo yuko Kenya. Aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, kwa ajili ya walowezi waliopenda kuvua kwa starehe. Mwaka 1970 wakaongezwa kamba wekundu wa Louisiana, nao wakawa chakula chake. Naivasha haina kujaa wala kupwa. Kinachoyasogeza maji pale ni upepo wa alasiri, na mvuvi huusoma kandokando ya mafunjo huku jicho lake moja likichunga viboko. Mtu wa Kabiria anayetaka kuvua besi karibu na nyumbani hupanda matatu ya Naivasha, lakini ujuzi wa Mattawoman haumfai sana huko.

Unafaa Pwani. Kwa kweli ulikuwa Pwani kabla Marekani haijaitwa Marekani, na inasikitisha kwamba shule za bara hufundisha maneno yake bila kufundisha kazi yake: bamvua (maji makubwa), maji mafu (maji madogo), kujaa, kupwa. Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Washington ni kama mita moja tu.

Likizoni, kijana yule alishuka Mtwapa akamwamkia mzee aliyekuwa akitayarisha mtumbwi.

"Marahaba, mwanangu. Leo mwezi ngapi?"

"Wa nane, mzee."

Mzee akanyoosha kidole juu. "Mwezi wa kuandama. Leo kumi na tano. Maji ni ya bamvua, tuwahi."

Waliufunga mtumbwi kwenye mdomo wa kijia kinachotoka mikokoni, maji yakiwa yameanza kupwa. Chambo kilikuwa kamba wabichi, mshipi ulikuwa wa mkononi, na walichokitafuta ni changu na chewa. Kijana, bila kuambiwa, alitupa mshipi wake juu, upande wa maji yanakotoka, akauacha uteremke na mkondo hadi kwenye mizizi. Mzee alimtazama, akasogea kidogo, akatupa wa kwake upande uleule.

Hawakukaa sana. Samaki walikuwa bado wanagusa mzee alipoanza kukunja mshipi, kwa sababu tope lilikuwa limeshajitokeza kulia na kushoto, na katikati ulibaki mfereji mwembamba wa kutosha mtumbwi mmoja kutoka.