Usibomoe nyumba kwa kutafuta sindano

Juzi dada yangu mwenye duka la kuchapa hapa Tabora alinijia analia. Picha za marehemu mama zimefutika kwenye kompyuta! Fundi mmoja akataka kurudisha nakala ya mfumo mzima, ya mwezi uliopita.

Nikamwambia, "Subiri kwanza, kaka!" Ukirudisha yote, kazi za wateja za mwezi huu zinakwenda na maji.

Dawa ni nyepesi. Chomeka diski ya nje, ingia folda ya WindowsImageBackup, tafuta faili kubwa la VHDX, liunganishe kama diski ya kawaida, kwa kusoma tu. Linafunguka kama sanduku. Nakili unachotaka, mengine yaache. Mama huyoo, anacheka!

Ila jamani, nakala ikae mbali na kompyuta. Machi 1872, pale Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, Livingstone alimkabidhi Stanley shajara aliyoifunga kwa lakiri, aipeleke Uingereza. Mwaka uliofuata mzee akafariki porini, lakini maandishi hayo yalikwishafika. Wewe je, yako yako wapi?