Tegemeo la Pikipiki Nzito

Pikipiki iendapo ni nyepesi kama unyoya. Isimamapo, uzito wake hudai haki yake. Honda Gold Wing ya injini ya cc 1800 huzidi kilo 350, mzigo usioinuliwa na mikono ya mtu mmoja. Basi mwenye chombo cha namna hii hana budi kukichagulia tegemeo kwa akili.

Stendi ya kati husafiri na chombo. Mpandaji huikanyaga hata miguu yote miwili ya stendi iguse ardhi, kisha huishukia kwa uzito wa mwili wake. Wenzo hufanya kazi ambayo misuli haiiwezi. Gurudumu la nyuma huelea, na pancha huzibwa njiani. Lakini stendi huongeza uzito, na katika kona kali yaweza kukwaruza barabara.

Jeki ya haidroliki hungoja nyumbani. Huinua magurudumu yote mawili, ila hutaka sakafu ngumu, mikanda ya kufungia, na kukaa chini ya fremu, si chini ya ekzosi.

Msafiri na achague stendi, fundi, jeki. Achaguaye kwa bei peke yake huenda akalipa baki kwa mguu wake.