Kuvuta na Kukimbia: Je, Manifoldi Mpya Huongeza Nguvu za Gari Kuukuu?

Katika lugha yetu, neno "nguvu" limebeshwa mizigo mingi. Fahali ana nguvu, hoja ina nguvu, serikali ina nguvu, na injini nayo ina nguvu. Mwanafasihi anaweza kuishi na wingi huo wa maana bila kukosa usingizi. Pengine hata huufurahia. Lakini yupo mtu ambaye utata wa neno hilo waweza kumtia hasarani, naye ni mwenye gari kuukuu anayeambiwa kwamba akinunua manifoldi mpya injini yake "itaongezeka nguvu". Makala haya yanakusudia kulichunguza dai hilo. Ninalichunguza si kama mhandisi, bali kama mwanafunzi wa Kiswahili ambaye karo yake ilikuwa hatarini.

Gari lenyewe ni la mjomba wangu: pikapu ya Land Cruiser yenye injini ya petroli aina ya 2F, ambayo kwa miaka mingi imebeba abiria, mbuzi na magunia kati ya Lodwar na Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Injini hiyo ina silinda 6 zenye ujazo wa lita 4.2. Toyota waliiunda katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya mashindano. Mjomba alipoanza kulalamika kwamba gari limechoka, muuzaji mmoja wa vipuri jijini Nairobi alimwahidi manifoldi ya aluminiamu pamoja na kabureta kubwa ya kuwekwa juu yake, kwa bei iliyokaribiana na karo yangu ya muhula mzima. Maadamu mjomba ndiye aliyekuwa akiilipa karo hiyo, msomaji ataelewa kwa nini ghafla nilishikwa na hamu ya kujua jinsi injini inavyovuta pumzi.

Manifoldi ya kuingizia hewa ni bomba lenye matawi, linalopokea mchanganyiko wa hewa na petroli kutoka kwenye kabureta na kuugawa kwa silinda zote. Gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 15 za hewa ili iungue sawasawa. Hivyo anayetaka kuchoma petroli zaidi sharti aingize hewa zaidi. Hapo ndipo dai la muuzaji linapopata mashiko. Matawi mapana na mafupi hupitisha hewa nyingi injini inapozunguka kwa kasi. Matawi membamba na marefu, kinyume chake, huipa hewa mwendo hata injini inapozunguka polepole, na hewa hiyo, ikiwa imekwisha kushika mwendo, huijaza silinda vyema kabla ya valvu kufungwa. Hakuna bomba lililo bora katika hali zote mbili. Abadilishaye manifoldi peke yake, mara nyingi haongezi bali huhamisha: huondoa kwenye mizunguko ya chini na kupeleka kwenye ya juu.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kiingereza hutofautisha pawa na torki. Kiswahili chetu cha maofisini bado kinahangaika na istilahi za namna hii. Tazama tu jinsi Kenya inavyosema kawi pale ambapo Tanzania inasema nishati. Lakini fundi wa Lodwar, ambaye hajahudhuria kongamano letu hata moja, hawezi kuambiwa kwamba gari "halina nguvu" akanyamaza. Huuliza papo hapo: "Halivuti, ama halikimbii?" Kuvuta ni kule kujing'oa mchangani na kupanda kingo za lagha gari likiwa na shehena, injini ikinguruma taratibu. Kukimbia ni shughuli ya lami. (Najua kwamba "mvuto" tumekwisha kuupa kazi nyingine katika fizikia, ya kutuangusha chini, sidhani mafundi watatusubiri tuamue.)

Tuitumie basi tofauti hiyo ya mafundi. Injini ya 2F hufikia kilele cha mvuto wake katika mizunguko 1,800 hivi kwa dakika, na kilele cha mbio katika mizunguko 3,600 hivi. Ikizunguka mara 3,600, hata silinda zake zikijaa kabisa, haiwezi kumeza zaidi ya lita 7,600 hivi za hewa kwa dakika. Ikizunguka mara 1,800, humeza nusu ya hizo. Pikapu iliyojaa watu na mizigo huishi katika nusu hiyo. Kuipanulia njia ya hewa ambayo haiivuti ni sawa na kumpa mtoto sufuria ya harusi anywee uji.

Mjomba alikuwa na hoja yake, na si hoja ya kupuuzwa. Barabara imetiwa lami katika miaka ya karibuni, na Probox humpita kana kwamba amesimama. Je, si wakati wa kutafuta mbio? Labda, lau angebadilisha pia bomba la moshi na kemu ya kufungulia valvu, na lau abiria wake wote wangeshuka kandokando ya lami. Wengi hushukia njia panda, kisha gari huacha lami na kuingia mchangani hadi vijijini.

Wapo waliolilaumu joto. Ni kweli kwamba hewa ya moto ni nyepesi. Hata hivyo, Lodwar iko takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Nairobi iko karibu mita 1,700. Hata katika jua la nyuzi 38, hewa ya Lodwar bado ni nzito kuliko ya Nairobi yenye nyuzi 20. Gari lililochoka huku lingechoka zaidi kule.

Ugonjwa ulitambuliwa Kakuma, kambini, mahali ambapo tangu mwaka 1992 Kiswahili cha kila pembe kimekuwa kikikutana. Fundi mmoja Mkongomani aliisikiliza injini, akasema, "Motere inanyonya upepo." Katika 2F, manifoldi ya hewa na ile ya moshi huungwa pamoja upande mmoja wa injini, na miaka ya kupata moto na kupoa huzipinda. Alidondosha oili kidogo kwenye ungio. Mtetemo wa injini ukapungua kwa muda, kisha ukarudi. Hewa isiyopitia kwenye kabureta ilikuwa ikipenya hapo na kuifanya petroli isitoshe.

Manifoldi ile ile ya zamani ilipelekwa Kitale, ikasawazishwa kwa mashine pamoja na mwenzake wa moshi, ikarudishwa na gasketi mpya. Chujio la hewa, lililokuwa limeshiba vumbi, likabadilishwa. Gari sasa linavuta kama zamani. Halikimbii zaidi ya lilivyokimbia lilipokuwa jipya, na Probox bado humpita mjomba. Karo yangu ililipwa wiki mbili baada ya muhula kuanza.