Fundi wa Kesho

Mwanafunzi, ukisoma insha hii ukadhani nalalamika, hujakosea. Nakaa Mwanhuzi, wilayani Meatu, ambako kiangazi ni kirefu hata mtu husahau kuwa paa lake linavuja. Mwezi wa nane nilimwita fundi abadilishe bati mbili na mbao moja ya kenchi iliyoliwa na mchwa. Akapima, akataja bei, akaomba nusu. Nikampa mkononi bila karatasi, mimi niwafundishaye ninyi kuandika barua rasmi!

Kesho yake hakuja. "Mwalimu, misumari imeisha dukani." Wiki iliyofuata alikuwa msibani. Halafu akapata kazi Bariadi, akawa "yuko njiani" siku nne. Bati zikakaa uani, kuku wakazifanya kivuli.

Mvua ya kwanza ya Novemba ilinyesha usiku. Mezani palikuwa na karatasi za mtihani wa kidato cha tatu, nusu sijazisahihisha. Wino ulisambaa. Jibu la mwisho la binti mmoja sikuweza kulisoma kabisa. Nilimwita asubuhi akaliandika upya mbele yangu, wala hakuuliza kitu. Hilo liliniuma kuliko fedha.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hutambua hata makubaliano ya mdomo, lakini utayathibitishaje? Kwa fundi wa pili niliandika kazi, bei, tarehe, malipo kwa awamu, na sahihi zetu pamoja na ya jirani. Alicheka, akasaini. Jumamosi saa kumi jioni alikuwa amemaliza. Yule wa kwanza bado hupokea simu zangu: "Kesho, mwalimu."