Theluji Hupimwaje Kutoka Angani?



Sisi walimu wenu tuliozaliwa pwani hatujapata kushika theluji. Lakini tuliposoma habari za mto Indus wa Pakistan tulitambua kuwa theluji ni jambo la chakula. Sehemu kubwa ya maji ya mto huo hutoka kwenye theluji na barafu ya milima ya Karakoram na Himalaya, na kwayo wakulima wa Punjab na Sindh hupanda mpunga na pamba. Anayegawa maji bila kujua akiba iliyoko mlimani hugawa kwa kubahatisha, na atakayekosa ni yule wa mwisho wa mfereji.

Kipimo cha tangu zamani ni fimbo. Fimbo haidanganyi, ila hupima pale ilipochomekwa tu. Nani atazunguka nayo milima yote wakati wa baridi kali?

Mwaka 2014 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha setilaiti ya kwanza ya Sentinel-1, izungukayo karibu kilomita 700 juu yetu. Rada yake hutuma mawimbi yake yenyewe, hivyo huona usiku, na pia hupenya mawingu. Mawimbi hayo hutumwa yakiwa wima. Yakiingia katika theluji kavu hutawanywa, na baadhi hurudi yakiwa yamelala. Kadiri theluji inavyozidi kina, ndivyo yaliyolala yanavyoongezeka yakilinganishwa na yaliyo wima. Mwaka 2019 Hans Lievens na wenzake walitumia njia hii kuchora kina cha theluji ya milima ya nusu ya kaskazini ya dunia, kila kipande kilomita 1 kwa 1, wakailinganisha na vipimo vya vituo vya ardhini.

Rada nayo ina mipaka. Theluji ikianza kuyeyuka, maji humeza mawimbi na jibu haliaminiki tena. Misitu nayo huvuruga. Isitoshe, kina si wingi wa maji: mita 1 ya theluji mpya yaweza kutoa takriban sentimita 10 tu za maji, na iliyoshindiliwa 30 au zaidi. Ndiyo maana fimbo haikutupwa.

Basi wanafunzi, msiidharau hesabu. Kupima kwa haki hakuishii kwenye mizani ya dukani. Hata maji ya mkulima tusiyemjua yanahitaji mpimaji mwaminifu.