Bunduki ya Fundi wa Chukudu

Mwaka 2024 nilipewa kazi ambayo wenzangu wote walikuwa wameikwepa. Tulikuwa wanafunzi saba tukitengeneza filamu ya dakika kumi na mbili: kijana anarudi nyumbani usiku kutoka msituni, na mama yake anakataa kumfungulia mlango mpaka aweke bunduki chini. Hadithi nzima ilikuwa na bunduki moja tu. Mimi nilikuwa mtunza vifaa, kwa hiyo masufuria, kitenge cha mama, taa ya mafuta na hiyo bunduki vyote vilikuwa juu yangu.

Filamu si kitu kigeni Goma. Vijana wengi wa mji huu wamejifunza kamera Yole!Africa, kituo kilichoanzishwa na Petna Ndaliko Katondolo. Lakini silaha ni habari nyingine. Tangu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, na hakuna kijana mwenye akili anayependa kuonekana njiani akiwa amebeba kitu kirefu cheusi chenye mkanda.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa Majengo anayechonga chukudu. Nilifikiri hivi: mtu anayeweza kutoa katika gogo la mkaratusi chombo cha kuteremsha magunia ya viazi kutoka Kibumba hatashindwa na Kalash.

“Papa, naomba unichongee bunduki.”

Hakucheka. “Ya nani?”

“Ya filamu, Papa.”

“Mimi nachonga vitu vya kubeba chakula, mwanangu.” Akaendelea na kazi yake muda mrefu, halafu akanyoosha mkono ili nimpe picha. Alikuwa na sharti moja: tukimaliza, niichome.

Picha ilikuwa ya simu, kijana fulani amejipiga mwenyewe akiwa na silaha kifuani. Ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu, nami niliichagua kwa sababu ilionyesha kila kitu waziwazi. Baada ya siku nne mzee alinipa kazi iliyonitisha. Kitako na kishikio vilikuwa vya mkaratusi uliopakwa rangi ya viatu na kufukizwa moshi. Kikasha cha risasi, kile kilichopinda, kilikuwa cha mti uliovalishwa bati la kopo la mafuta. Mtutu ulikuwa kipande cha bomba la maji. Ubavuni, wenzo wa usalama, yaani kile kipande kirefu cha bati kinachosukumwa juu na chini, ulizunguka kabisa kwenye msumari wake.

Kabla ya kupiga picha nilisoma jinsi wenzetu wa nje wanavyofanya, na hapo mambo yalinichanganya. Andrew Niccol, alipotengeneza *Lord of War* iliyotoka mwaka 2005, alihitaji rundo la Kalash. Alinunua bunduki za kweli 3,000, kwa sababu zilikuwa rahisi kuliko za bandia. Tena hazikuwa Kalash. Zilikuwa Vz. 58 za Czechoslovakia, ambazo kwa umbo la nje zinafanana nazo sana ingawa ndani zimejengwa kwa namna tofauti kabisa. Kwa hiyo mtazamaji anaona bunduki ya kweli inayoigiza bunduki nyingine ya kweli. Nilimsimulia mzee wa chukudu, akaniuliza mara mbili kama nimesikia vizuri bei.

Kisha nikasoma kuhusu filamu ya *Rust*. Tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa na rivolva iliyokuwa mkononi mwa mwigizaji. Waliokuwapo walikuwa wametangaziwa kwamba silaha ni baridi, maana yake haina kitu. Rivolva yenyewe ilikuwa nakala, Colt ya karne ya 19 iliyotengenezwa upya kiwandani Italia. Kumbe nakala inaweza kuua! Nilikuwa nimezoea kuyaweka maneno “nakala” na “bandia” katika kapu moja. Bandia, neno ambalo zamani lilimaanisha mwanasesere, haliui mtu. Kwenye filamu hiyo risasi za moto zilikuwa zimechanganyika na za maonyesho, na mtunza silaha alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2024.

Za maonyesho zina kichwa lakini hazina baruti. Nyingi huwekwa vigololi vidogo ndani, hivyo mtunza silaha huitikisa kila moja karibu na sikio lake, na isiyolia haingii katika bunduki. Risasi baridi ni kinyume chake: ina baruti, haina kichwa, na mdomo wake umebanwa. Zikikutana vibaya, zote mbili huua. Brandon Lee alikufa tarehe 31 Machi 1993 kwa sababu kichwa cha risasi ya maonyesho kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu bila mtu kukiona, kisha risasi baridi ikakisukuma nje. Niliyasoma yote hayo kwa makini, nikaandika katika daftari, na sikuyatumia hata moja. Hofu yao kule ni kwamba bunduki ya kweli itadhaniwa ya uongo. Yangu mimi ilikuwa ya upande wa pili.

Tulianza kupiga picha saa kumi alasiri, kwenye uchochoro wenye kuta za mawe ya volkano. Tulikuwa na barua ya ruhusa yenye muhuri, na majirani walikuwa wamearifiwa. Mwigizaji wetu alikuwa akitembea tu, bunduki begani, akirudia hatua zake. Mtoto wa kama miaka saba akatokea kwenye kona na kidumu cha maji. Alikiweka chini taratibu, kisichomwagike, akalala kifudifudi kando ya ukuta. Hakulia wala hakukimbia. Alilala kama mtu anayejua kazi yake.

Tulipiga kelele: “Iko ya bongo! Iko ya bongo!” (Msomaji wa Dar es Salaam atanisamehe, kwetu bongo ni uongo.) Mtoto hakuinuka. Maneno hayakumtosha, na sioni kwa nini yangemtosha. Nilichukua ile bunduki, nikachuchumaa mbali kidogo naye, nikagonga kitako kwa vifundo vya vidole: ko, ko, ko. Aliposikia mti, aliinua kichwa. Alibeba maji yake akaondoka bila kutuambia neno.

Kelele zetu ndizo zilizomleta mwanajeshi. Alikuwa mtu mzima, peke yake, Kiswahili chake kimejaa Kilingala. Nikampa barua. Hakuisoma.

“Njo nini hii?”

“Ni ya mti, shefu. Ya filamu.”

Aliipima kwanza kwa mkono mmoja. Kalash bila risasi ni kilo tatu na kitu, na yetu ilikaribia, kwa sababu ya lile bomba. Hilo halikumpendeza. Akatafuta ubavuni alama za kiwanda, akapitisha kidole gumba pale ambapo, kwenye silaha nyingi za Kichina, huandikwa herufi L na D. Hakukuta kitu. Akaokota kijiti akakiingiza mtutuni. Sisi saba tulikitazama kijiti kile. Kiligota baada ya nusu ya kidole, kwa kuwa mzee alikuwa ameziba bomba kwa mti.

Ndipo akatabasamu, akanigeuzia ubavu. “Dada, fundi wako iko mushoto?”

Wenzo wa usalama ulikuwa upande wa kushoto. Kwenye Kalash unakaa kulia, pamoja na kile kishikizo cha kukokia. Kamera ya mbele ya simu ilikuwa imeigeuza picha kama kioo, na mzee alikuwa ameichonga kwa uaminifu kama nilivyompa. Nilikuwa nimeitazama siku nyingi, nikaiweka mezani mbele ya watu saba, na hakuna aliyeona.

Mwongozaji wetu alitaka irekebishwe. Nilikataa, tukagombana wiki nzima. Nilimwambia kwamba anayejua bunduki ataona kosa hilo na kutulia. Akaniuliza yule mtoto angeliona kutoka kona ipi. Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Filamu ilimalizwa wenzo ukiwa kushoto.

Sharti la mzee sikulitimiza. Niliiweka bunduki chini ya kitanda, kwa kiburi tu, kwa sababu ilikuwa nzuri. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na maji na umeme vikakatika, mama aliitoa mwenyewe. Nilianza kumweleza ubavu upi ni upi.

“Nani atageuza ili aangalie?” akaniuliza, na panga tayari liko mkononi.

Tulipikia maharage. Mkaratusi ule ulikuwa mkavu, ukawaka vizuri. Asubuhi nilitoa majivu jikoni nikakuta ule wenzo wa bati, msumari bado umo. Bomba lilikuwa zima. Mama alilisimika uani, na ndilo linaloshikilia kamba ya nguo.