Kufundisha Ufunguo wa Orodha katika Somo la Programu

Somo la kuonyesha orodha kwenye skrini kwa kutumia React huonekana jepesi. Safu ya data hupitishwa katika map ya JavaScript, na kila kipengele hugeuka mstari mmoja wa ukurasa. Wanachuo wangu hulielewa jambo hilo katika kipindi kimoja. Ugumu huanza pale React inapodai kila mstari upewe ufunguo, yaani alama ya kuutambulisha miongoni mwa wenzake. Katika makala haya nakusudia kuwaeleza walimu wenzangu njia niliyoiona kuwa inafaa.

Aghalabu mwanachuo, akitaka tu onyo la kompyuta liondoke, huifanya nafasi ya mstari kuwa ufunguo: wa kwanza 0, wa pili 1, na kuendelea. Onyo hunyamaza, lakini kosa huenda likabaki. React, iliyotolewa kwa umma na Facebook mwaka 2013, haiujengi ukurasa wote upya kila data inapobadilika. Hulinganisha mistari ya awali na mipya, ikarekebisha panapohitajika tu. Ufunguo ndio unaoijulisha mstari upi ni ule ule. Ukiwa ni nafasi tu, yeyote aketiye mahali pa kwanza huhesabiwa kuwa ndiye aliyekuwapo.

Kabla ya kuwasha kompyuta, huwaketisha wanachuo watano kwenye viti vitano, kila mmoja akaweka kwenye kiti chake kikaratasi cha alama. Kisha wa sita huingia akaketi kiti cha kwanza, wengine wakasogea, vikaratasi vikabaki palepale. Mara moja kila mtu ana alama za mwenzake, na mgeni ambaye hakufanya mtihani amepata 82. Darasa hucheka. Baadaye twarudia, safari hii kila kikaratasi kikiandikwa namba ya usajili na kumfuata mwenyewe.

Ndipo tunapofungua kompyuta. Wanachuo hutengeneza orodha ya majina, kila jina na kisanduku cha kuandikia alama ambacho chenyewe ndicho kinachozihifadhi. Huongeza jina jipya juu ya orodha: majina hushuka, alama hubaki. Hapo hawacheki. Mwaka mmoja mwanachuo aliuliza ni nani angemweleza mzazi. Swali hilo lilifundisha kuliko maelezo yangu yote.

Yafaa pia kuwatahadharisha wasibuni namba ya kubahatisha kila ukurasa unapochorwa. Hapo kila mstari huhesabiwa mgeni, huvunjwa na kujengwa upya, na yaliyoandikwa ndani yake hupotea. Nafasi yaweza kutumika bila madhara iwapo orodha haiongezwi, haipunguzwi wala haipangwi upya. Lakini orodha za shule si za namna hiyo, kwani watoto huhamia na kuhama.

Nashauri, basi, tukio litangulie kanuni. Anayekariri tu kwamba ufunguo ni lazima ataridhika onyo likinyamaza. Aliyeona alama zikihamia kwa asiyestahili atauliza kwanza ni kitu gani katika data kisichobadilika. Kanuni hiyo atakwenda nayo hata katika Vue, ambayo nayo hutumia ufunguo, na hata katika daftari la mahudhurio la karatasi.